Ziwa Moja

Asubuhi hiyo Kaaha alikataa ziwa. Hakuwa na homa, wala hakulia. Mama yake, Deka, alimweka kifuani kama kawaida, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Garissa. Mtoto akafungua kinywa, akasogea, kisha akarudisha kichwa nyuma polepole, kama mtu mzima aliyesogezewa sahani ya chakula kilichochacha. Akamtazama mama yake. Akafumba kinywa.

Deka akajaribu upande wa pili. Ikawa vilevile. Akakamua tone moja kiganjani, akalinusa, na papo hapo akamwita mumewe.

"Siyad, njoo unuse hapa."

Siyad alikuwa anafunga viatu aende dukani. Akainama, akanusa kiganja cha mkewe. "Moshi," akasema. "Umekaa karibu na jiko."

"Jiko sijaliwasha."

"Basi ni uvumba wa jana. Atanyonya akisikia njaa." Akamgusa mtoto shavuni, akatoka.

Deka alibaki ameketi kitandani, kiganja kimefunguka. Haukuwa moshi wa jiko, wala wa uvumba. Harufu hii aliijua tangu utotoni. Wanawake wa wafugaji huchukua kijiti chenye moto, wakakisugua ndani ya chombo cha maziwa ili maziwa yasiharibike, na moshi huo hushika kwenye maziwa hadi tone la mwisho. Ndiyo harufu iliyokuwa ikitoka mwilini mwake. Nyumbani kwake hapakuwa na chombo cha namna hiyo. Kazini kwake kilikuwako.

Deka alikuwa mtunzaji katika Jumba la Sanaa la Kaskazini Mashariki, jengo jipya lililo kando ya barabara ya kuelekea daraja la Tana. Lilikuwa na kumbi tatu. Ukumbi wa kwanza ulikuwa wa picha, nyingi zikiwa zimechorwa na vijana wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, rangi kali juu ya magunia ya unga yaliyofunguliwa na kunyooshwa. Wa pili ulikuwa wa vitu vya dini na vya mapambo: mbao za kuandikia Kurani kutoka Mandera, shanga za kaharabu, vikuku vya fedha vya Waorma. Wa tatu, ule wa nyuma, ulikuwa wa mbao na ususi: njuga za mbao za kuvishwa ngamia, mito ya mti ya kulalia, vigoda vya kukamulia, mikeka ya nyumba za harusi, na vyombo vya maziwa. Vitu hivyo ndivyo vilivyoitwa mkusanyo wa kudumu, maana kitu kikishapokelewa hapo hakirudi tena kwa mwenyewe.

Chombo chenyewe kililetwa na Idman.

Idman alikuwa zaidi ya rafiki. Deka alipozaliwa, mama yake aliugua, akakauka maziwa. Jirani yao wa Sangailu, Barwaqo, aliyekuwa amejifungua Idman siku zilezile, alikuja akamchukua mtoto, akamnyonyesha pamoja na wake mpaka wakaota meno. Deka alikua akiambiwa kwamba ana mama wawili. Mama yake mzazi, hadi alipofariki, hakulitaja jina la Barwaqo bila kumwombea dua, na Deka mwenyewe, tangu aanze kazi, hakuacha Idi ipite bila kumpelekea kitambaa na sukari. Kwake Barwaqo alikuwa hooyo, mama. Na Idman alikuwa abaayo, dada.

Kwa hiyo Idman alipokuja jumbani akiwa amembeba binti yake mchanga mgongoni na chombo cha bibi yake mkononi, akasema anataka kukitoa kiwekwe mahali pa heshima, Deka alifurahi hadi macho yakalowa. Kilikuwa kile kiitwacho haan: kirefu, cheusi, kimesukwa kwa nyuzi za mizizi, kimekazwa kwa mikanda ya ngozi iliyong'aa kwa mafuta ya mikono ya zamani. Mutiso, fundi wa maonyesho, mtu wa Kitui aliyekuja Garissa kikazi na kukaa, alinyoosha mikono akipokee.

"Si wewe," Idman akamwambia. "Apokee dada yangu."

Deka akakipokea.

"Sema umekipokea kwa mikono yako na moyo wako umekubali," Idman akasema kwa Kisomali. "Bibi aliagiza hivyo."

Deka akacheka kidogo, akasema. Idman hakucheka. Hakunywa hata chai. Deka alimwona kupitia dirishani akisimama kwenye bomba la nje, mtoto mgongoni, akinawa mikono, akinawa tena, mpaka viwiko vikalowa. Mtoto yule, Hamdi, alikuwa amekonda sana, shingo kama ya ndege. Deka alijiambia atamuuliza kwa simu. Shughuli zikamzidi, hakuuliza.

*

Siku hiyo ya moshi Deka alikwenda kazini na Kaaha, kama alivyoruhusiwa tangu arudi kutoka likizo ya uzazi. Mtoto alilala kwenye mkeka chini ya feni, katika ofisi ndogo nyuma ya ukumbi wa tatu. Kila mara alipoamshwa anyonye, aligeuza uso.

Kabla ya adhuhuri Mutiso alikuja akasimama mlangoni, akiwa na kitambaa cha kupangusia vioo.

"Madam, njoo uone kitu. Ile haan mpya imetoa jasho."

Walisimama mbele ya kabati la kioo. Chombo kilikuwa kimelowa. Matone yalikuwa yakiteremka kwenye mikanda ya ngozi na kukusanyika chini, juu ya kitambaa cheupe, na kitambaa kilikuwa na doa lililozidi kupanuka.

"Labda ni joto," Deka akasema.

"Joto linakausha, madam."

Mutiso akafungua kabati, akainua kifuniko. Harufu ya moshi iliwapiga wote wawili. Ndani mlikuwa na maziwa, kiasi cha kujaza kikombe. Mutiso akachovya kidole, akakitoa haraka.

"Yana uvuguvugu," akasema kwa sauti ya chini. "Kama yametoka sasa hivi."

Funguo za kabati zilikuwa kwake na kwa Deka tu. Mutiso aliyamwaga kwenye mchanga wa nyuma, akarudi akaosha mikono kama alivyoosha Idman. Deka alipoona vile, kitu kikamgusa moyoni, lakini hakukipa jina.

Siku zilizofuata Kaaha alinywa maziwa ya kopo na kuyatapika yote. Daktari alimpima, asione kitu, akawapa chumvi za kuongeza maji mwilini na kuwaambia warudi. Mtoto aliyekuwa na mikunjo mapajani akaanza kulegea ngozi. Alilia bila machozi, kisha akaacha kulia, na kunyamaza kwake kukamtisha Deka kuliko kilio. Matiti yake yalikuwa yakijaa kila asubuhi, na kila ikifika adhuhuri yalikuwa yameanguka, mepesi, matupu, ingawa hakuna aliyenyonya. Na kila baada ya adhuhuri Mutiso alikuta chombo kimejaa zaidi ya jana yake. Aliacha kuyamwaga mchangani, kwa sababu mchwa walikuwa wakikimbia mahali pale.

"Madam," alimwambia siku moja, akiangalia chini, "mimi ni Mkristo, na haya ni mambo yenu. Lakini naomba usikae humo ndani mchana peke yako."

Angekaa wapi? Nje jua lilikuwa linaunguza. Tangu adhuhuri hadi alasiri mji wote hulala, maduka hufungwa, hata mbuzi huingia chini ya malori. Mutiso alikwenda kula. Deka akajifungia ofisini na mtoto, akajilaza kando yake, akafumba macho.

Alichosikia kwanza alikidhania kuwa feni. Shii. Kisha kimya. Shii. Shii. Halafu akakitambua, maana hakuna mtoto wa mfugaji asiyekijua: ni mchirizi wa maziwa ukipiga ndani ya chombo, kwanza kwa ukali kwenye kitako kikavu, baadaye kwa uzito, maziwa juu ya maziwa. Kilitoka ukumbi wa tatu. Na kila kilipolia, kitu kilimvuta ndani ya ziwa la kushoto, kisha la kulia, kushoto, kulia, kama vidole vinavyojua kazi yao.

Aliinuka, akamkumbatia Kaaha, akasukuma mlango.

Ukumbi ulikuwa na mwanga wa mchana mweupe uingiao kwa madirisha ya juu, hapakuwa na kivuli cha kumficha mtu, na ndani ya mwanga huo, juu ya kigoda cha kukamulia ambacho jana kilikuwa kimewekwa rafuni, aliketi mwanamke mzee aliyempa mgongo, shuka lake la rangi ya majivu limeshuka mabegani, chombo amekibana katikati ya magoti, mikono yake ikipanda na kushuka hewani, ikikamua mahali pasipo mnyama, na kila mikono ile iliposhuka Deka alihisi maziwa yakimtoka bila kulowesha nguo yake, yakienda moja kwa moja asikojua, naye akataka kupiga kelele lakini ulimi ukawa mzito, akataka kurudi nyuma lakini miguu ilikuwa imetulia, imetulia kwa utiifu, kama ya ngamia aliyezoea.

"Simama vizuri," mwanamke yule akasema bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya upole, ya kubembeleza, sauti ambayo wachungaji humsemesha ngamia wakati wa kukamua. "Simama, mtoto wangu. Bado kidogo."

Ilikuwa sauti ya Barwaqo.

Kaaha akalia. Kilikuwa kilio chembamba, cha mwisho wa nguvu zake, lakini kilimtosha mama yake. Deka akatamka Bismillahi, ulimi ukafunguka, na kigoda kikawa kitupu. Chombo kilikuwa kabatini, kabati limefungwa, maziwa yakifurika ukingoni na kuteremka kwenye kioo upande wa ndani.

*

Shekhe Abdilatif alikuwa mzee mfupi aliyewasomea watu wengi mjini, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisikiliza yote akiwa ameketi sebuleni kwa Siyad, akamtazama mtoto, kisha akauliza swali moja.

"Hicho chombo ulikinunua, ulikiokota, au ulipewa?"

"Nilipewa. Na dada yangu wa kunyonya."

"Ulisema umekubali?"

"Nilisema," Deka akajibu. Shekhe akashusha pumzi.

"Jini wa namna hii hapewi mtu baki," akasema. "Mama humrithisha binti, au hupita baina ya walionyonya ziwa moja tu, na lazima apokewe kwa mkono na kwa ulimi. Nenda kamwite huyo dada yako. Mkikaa mbele yangu nyote wawili, aliyetoa na aliyepokea, mkamkataa kwa pamoja, nitampeleka nyikani kusiko mtu wala mnyama. Aliyetoa asipokuja, nitamtoa kwako, inshallah. Lakini atarudi alikotoka."

Idman alikuwa bado Garissa, nyumbani kwa mjomba wake, mtaa wa Iftin. Deka alimkuta uani, ameketi kwenye jamvi, ananyonyesha. Hamdi alikuwa amenenepa. Mashavu yamejaa, mkono wake mmoja ukipapasa shingo ya mama yake. Deka alisimama akitazama mikunjo ya kile kimkono, na hakuhitaji tena kuuliza.

"Umejua," Idman akasema, bila kuinua macho.

"Mtoto wako amenenepa."

"Alhamdulillahi."

"Wangu anakufa, Idman."

Idman akamfunika Hamdi kichwa kwa mtandio, kana kwamba maneno yale yangemgusa. "Nimezika wawili," akasema. "Ulikuja matangani. Ulilala kwangu, ukanipikia."

"Uliniambia ni homa."

"Ningekuambia nini? Kwamba ninaye mwenzangu anayekunywa kabla ya wanangu? Alimnywea bibi, akamnywea mama. Kila nyumba huiachia mtoto mmoja ili isiishe. Kwa mama aliniacha mimi. Nimuone Hamdi naye akienda, nisubiri kujua kama ndiye wa kuachwa?"

"Ukaniletea mimi."

"Sina dada mwingine, abaayo."

"Usiniite hivyo." Deka alikaa chini, kando ya jamvi. "Kwa hiyo kosa langu ni kwamba mama yako alinihurumia."

Mtoto aliliachia ziwa, akasinzia. Idman aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeogopa kusikiwa na kuta.

"Haikuwa huruma. Hooyo aliniambia mwaka jana, nilipomzika wa pili. Alikuwa ameshazika kaka zangu, na amenipata mimi. Akasikia kwa jirani mama amekauka maziwa na mtoto analia. Akasema moyoni, huyu atakuwa mlango. Siku binti yangu akibanwa, awe na pa kutokea. Ndiyo akaja kukuchukua."

Deka alimkumbuka mama yake mzazi kitandani, mkono mkavu, akimwambia: yule mwanamke usimsahau. Alikumbuka vitambaa vya Idi, jinsi alivyokuwa akichagua rangi, jinsi Barwaqo alivyovipokea na kumshika uso kwa viganja vyote viwili na kumtazama kwa muda mrefu. Alikuwa akidhani ni mapenzi.

"Mama yangu alimbusu mikono," akasema.

Hapo Idman akalia, akamshika goti, akamwomba radhi kwa jina la Mungu. Deka akamweleza maneno ya shekhe. Kesho baada ya swala ya adhuhuri, jumbani, mbele ya kile chombo. Wakae pamoja, wamkatae pamoja, asirudi kwa yeyote.

"Nitakuja," Idman akasema. "Wallahi nitakuja."

Adhuhuri ya kesho yake walingoja. Shekhe alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya ukumbi wa tatu, Siyad amemshika Kaaha aliyekuwa mwepesi kama kitambaa, Mutiso amesimama mlango wa mbele akiangalia barabara. Siyad alipiga simu. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Ilikuwa imezimwa. Mutiso akaenda mpaka Iftin kwa pikipiki, akarudi na vumbi usoni.

"Wamesafiri alfajiri," akasema. "Yeye na mtoto. Wamerudi Sangailu."

Shekhe akamgeukia Deka. "Unajua nilichokuambia. Nikimtoa sasa, anakwenda kwa nani unajua. Nisome, nisisome?"

Deka alimtazama mtoto wake. Macho ya Kaaha yalikuwa nusu wazi, hayamtazami mtu. Alimfikiria Hamdi na kile kimkono shingoni. Halafu akafikiria simu iliyozimwa.

"Soma," akasema.

Shekhe akasoma. Mwanzoni hakukuwa na kitu isipokuwa sauti yake na joto. Kisha moshi ukaanza, hauonekani, unasikika puani tu, ukazidi mpaka Siyad akakohoa na kumfunika mtoto uso. Deka alihisi kifua chake kikibanwa kana kwamba mtu ameketi juu yake, kinywa chake kikafunguka, na sauti ya kubembeleza ikatoka ndani yake, ile sauti ya Barwaqo, lakini ya Barwaqo kijana.

"Unanifukuzia wapi? Sikuingia kwa nguvu. Nimepewa."

"Toka," shekhe akasema, akaendelea kusoma.

"Nilingoja miaka yote huyu akue. Nilimwona akinyonyeshwa. Nilikuwa nimekaa pembeni."

"Toka kwa jina la Mola aliyekuumba."

"Nikitoka nitakuwa na kiu."

Shekhe alipandisha sauti, aya juu ya aya, jasho likimtiririka ndevuni, na njuga za ngamia zilizotundikwa ukutani, njuga za mbao kubwa na ndogo zilizoletwa kutoka Rhamu na Wajir na kila upande, zikaanza kulia, si zote kwa pamoja bali moja, ikanyamaza, kisha iliyo karibu nayo, ikanyamaza, kisha ifuatayo, kama vile kitu kinapita kando yake polepole bila haraka kikizigusa kwa bega, kutoka kabatini kuelekea mlangoni, kupitia ukumbi wa mbao za Kurani ambako vikuku vya fedha vilitikisika ndani ya kioo, kupitia ukumbi wa picha ambako magunia yaliyochorwa yalijaa upepo yakarudi ukutani, mpaka mlango wa mbele, ambapo Mutiso alijibanza ukutani akafumba macho, na baadaye alisema kwamba kilichompita kilikuwa na joto la mnyama na kilikuwa kikilia kwa kwikwi kama mtoto.

Kukawa kimya. Deka alikuwa chini, shavu kwenye sakafu. Alisikia mtoto akilia, kilio cha kawaida, cha hasira. Siyad akamletea. Kaaha akanusa, akalishika ziwa kwa nguvu hata Deka akauma meno.

*

Siku zikapita, Kaaha akarudisha mashavu. Chombo kilibaki kabatini, kikavu. Deka hakumpigia Idman. Kila usiku alijiambia kwamba kesho atapiga, na kila asubuhi alikumbuka ile simu ikizimwa.

Barwaqo alikuja mchana, wakati Mutiso alikuwa anafunga lango. Alikuwa peke yake, mzee, vumbi la njia mpaka kwenye kope, na ndani ya shuka lake mlikuwa na kitu kidogo kilichokuwa kikilia kwa sauti nyembamba.

"Mimi nataka Deka," akamwambia Mutiso kwa Kiswahili chake. "Sema mama yake amekuja."

Mutiso, aliyezoea kumsikia Deka akimsifu mama huyo wa Sangailu, na ambaye hakuna aliyemweleza alichosema Idman kule Iftin, akampeleka mpaka ofisini kwa heshima zote, akamvutia kiti. Kaaha alikuwa amelala kwenye mkeka. Barwaqo alimtazama, kisha akamtazama Deka.

"Sikuja kumwombea Idman msamaha," akasema kwa Kisomali.

"Yuko wapi?"

"Amelala. Haamki kitandani. Huyu hajashika ziwa tangu walipofika kwangu."

"Aliapa atakuja."

"Nilimzuia mimi, kwa simu. Nilisema ni mtego. Ningekuwa wewe, ningetega." Alifunua shuka. Hamdi alikuwa amerudi kama alivyokuwa, shingo ya ndege, midomo imekauka. "Chochote anachopewa na mikono yetu anatapika. Mkono wetu una mwenyewe. Wako hauna."

Hamdi akafungua kinywa akalia, na maziwa ya Deka yakashuka yenyewe, yakalowesha nguo mbele. Aliona haya, akaona hasira. Alijikunjia mtandio kifuani, lakini kilio kile hakikuwa na mtandio wa kukizuia. Aliwahi kukisikia kwenye mkeka wake mwenyewe. Mtoto hakuzima simu. Mtoto hakuapa.

"Sipokei kitu chochote," Deka akasema. "Unanisikia? Sisemi neno lolote la kupokea. Namnyonyesha mtoto mwenye njaa, kisha unaondoka naye, na usirudi."

"Sijakuomba useme neno," Barwaqo akajibu kwa upole.

Deka alimchukua Hamdi huku amekaza midomo. Mutiso aligeuka akasimama mlangoni, akiwapa mgongo kwa adabu. Mtoto alinusa, akashika, akavuta. Alinyonya kama aliyetoka safari ndefu, akisimama kupumua na kurudi, na baada ya muda vidole vyake vikafunguka, vikamgusa Deka shingoni. Barwaqo aliketi kitini akitazama. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Deka hakuyaamini wala hakuyakataa. Alikuwa anasikiliza kila neno litakalotoka kwa yule mzee, asijibu kwa bahati mbaya.

"Wako anaitwa nani?" Barwaqo akauliza.

Mzee akageuza kichwa kuelekea mlangoni. "Wewe, kijana. Mtoto ya Deka, jina yake nani?"

Mutiso, aliyefurahi kuona mama na binti wameketi pamoja, akajibu bila kugeuka. "Anaitwa Kaaha, mama."

"Kaaha," Barwaqo akasema. Aliinama akamgusa mtoto aliyelala mkekani, paji la uso, kidogo tu, kama mtu anayeweka alama kwenye kitu chake. Halafu akarudi kwenye Kisomali, na sauti yake ilikuwa ileile ya kubembeleza. "Basi Kaaha amepata dada."

Deka akamvuta Hamdi haraka amtoe ziwani. Mtoto alikuwa ameshashiba, amelala.